Macho Yalifungwa, Mikono Iliona

Katungu wa Kimemi, mutaa mumoja wa Butembo, ana mufereji juu ya paji la uso. Hapana kovu, hapana chanjo ya muganga. Ni mufereji kabisa, ukiwekamo kidole kinalala. Ulichimbwa na mukaba, ule mukaba wa kufuma ambao wamama wa kwetu wanaupitisha ku paji la uso, muzigo unaning'inia mugongoni, na shingo ndiyo inalipa. Kutoka Musienene mpaka soko ya Butembo kwa miguu, viazi leo, maharagi kesho, tangu akiwa na miaka kumi na moja. Wanaume wa kwetu hawabebi na kichwa. Wanasema kichwa chao ni cha kufikiri. Nimewatazama sana wakifikiri. Ni kazi inayofanywa mutu akikaa.

Alisoma mpaka primaire ya tano. Alikuwa wa pili mu darasa. Wa kwanza alikuwa mutoto wa mwalimu, donc tuseme alikuwa wa kwanza. Kisha mama ya baba yake akaanguka shambani na hakuamuka tena sawasawa. Baba, muzee Syauswa, akasema: “Katungu atabaki nyumbani kidogo.” Ile kidogo ilichukua miaka tisa. Bibi kizee alikuwa na afya nzuri sana kwa mutu anayekufa. Asubuhi Katungu alimuosha, alimulisha, kisha alishika mukaba akaenda soko. Kaka zake wawili, Gérard na Mathe, walitoka masomo, wakauliza “Koko anaendelea?”, na hawakungoja jibu kwa sababu chakula kilikuwa kinapoa. Siku alipokufa, Gérard alisoma neno la kumulilia kwa Kifaransa. Watu walilia sana, ijapo hakuna aliyesikia kitu. Katungu alikuwa na miaka makumi mbili. Hakuna masomo yanayopokea mutoto wa primaire ya tano mwenye matiti.

Akaolewa, bwana akakufa mapema, akabaki na binti mumoja, Hadassa. Sasa, watu wengine wanaomba Mungu mali, wengine wanaomba amani. Katungu aliomba kitu kimoja tu, na hata Mungu alimuomba kwa sauti ya mutu anayegombeza: Hadassa amalize mwaka wa sita wa humanités, ndiyo sekondari, apate diplome ya Serikali. “Hata Yesu akirudi,” alimuambia binti yake, “atangojea ku mulango mpaka umalize examen.” Na juu ya diplome, aliweka mbuzi. Mbuzi jike, mweusi, mwenye kiburi, alifungwa nyuma ya choo, alilishwa maganda ya viazi. Siku diplome ingetoka, mbuzi angeuzwa ili Hadassa aandikishwe ku université. Ndiyo maana majirani walimwita yule mbuzi Université. “Katungu, Université imekula manguo yangu ku kamba!” Mambo kama hayo.

Vita ya pili ilipofika, rebellion ikakaa juu yetu kama kuku juu ya mayai ya wengine, na muzee Syauswa akaikimbia Musienene. Alifika Butembo amebebwa ku tipoyi na wanaume wane, upande wote wa kushoto umekataa kazi. Huyu ni muzee ambaye zamani, akiota moto mu kyaghanda, kibanda cha wanaume, pamoja na wanaume wenzake, alikuwa akisema: “Mutoto mwanaume ni fimbo ya uzee.” Kwa hiyo alikuwa na fimbo mbili. Tuzitazame.

Fimbo ya kwanza, Mathe, alikuwa na nyumba ya étage pa centre-ville. Bahati mbaya étage ina ngazi, na muzee hapandi ngazi. Na kule chini? Kule chini ni depo ya vitenge, na vitenge, Mathe alieleza na huzuni nyingi, vinashika harufu.

Fimbo ya pili, Gérard, alikuwa Beni. Yeye alikuwa mukubwa wa association moja yenye bureau, kashe ya kupiga muhuri, na bango refu kuliko bureau yenyewe: KUTAYARISHA VIJANA KWA JAMII INAYOZEEKA, MU USAWA WA JENDA. Maana yake: siku moja wazee watakuwa wengi, vijana wajifunze kuwatunza, na wavulana wafanye kazi hiyo sawasawa na wasichana. Ni neno zuri. Mimi sicheki neno. Nacheka tu kwamba liliandikwa mu inchi ambamo, mwaka ule, mutu akifika miaka makumi sita alipaswa kushukuru basoda wote wenye bunduki, mumoja mumoja, kwa jina.

Basi muzee Syauswa, mwenye fimbo mbili, akalala kwa binti yake.

Na mu nyumba ile mulikuwa tayari mutu mwingine: Jéthro, mutoto wa Gérard, miaka kumi na saba. Basoda walikuwa wakikamata vijana njiani kuwabebesha masanduku ya risasi, ndiyo maana baba yake alimutuma ajifiche kwa shangazi. Aliishi mu plafond, kati ya dari na mabati. Alikula mule, alilala mule, alikojoa mu bidon mule. Hadassa, ambaye kila asubuhi alipita mbele ya basoda wale wale akienda masomo, ndiye aliyeteremusha bidon mbele ya kuondoka.

Siku ya Mungu moja, kisha misa, famii ikakutana mu nyumba ya Katungu. Muzee alilala ku kitanda nyuma ya rido, pazia tu, anasikia yote. Gérard alikuja kutoka Beni, kalamu tatu mu mufuko wa shati. Mathe alikuja na soda yake mwenyewe.

Lazima mujue mila kwanza. Binti hawezi kuona uchi wa baba yake. Akiona, ni mbuzi: anamutoa, ukoo unamula, ndipo anasafishwa. Mukamwana pia hawezi, ni mbuzi. Mujukuu, yeye anaweza, maana mujukuu na koko yake ni watu wa mizaha: koko anaita mujukuu musichana “bibi yangu”, ndiyo kusema muke wake, na watu wanacheka. Na mutoto mwanaume je? Hapo mila haikukataza kitu. Inaonekana wakubwa waliotunga mila waliona hatari zote za dunia, ila ile ya mwanaume kushika ndoo hawakuiwazia.

“Hadassa aachilie masomo,” Mathe akasema. “Kidogo tu.”

“Kidogo gani?” Katungu akauliza. “Kidogo yenu minaijua. Iko na miaka tisa.”

“Dada, tusifanye polémique,” Gérard akasema. “Ni mila. Papa yeye mwenyewe anamuitaka Hadassa bibi. Bibi anaoshaka bwana yake, voilà.”

Wakacheka. Katungu naye akacheka, na hiyo ingewatisha kama wangekuwa watu wa kutazama. Kisha akainua macho ku plafond.

“Na Jéthro? Ule hapana mujukuu?”

“Jéthro ni mwanaume!”

“Ndiyo vile minasema. Koko iko na yake, Jéthro iko na yake. Hakuna mwenye atashangaa.”

Kule juu plafond ikakohoa.

“Mwana yangu hapana infirmier wa hospitali,” Gérard akasema.

“Hapana. Ni panya. Tangu mwezi wa pili anaishi kule juu. Na bidon yake, nani anaimwangaka? Yaya Gérard, weye kaka yangu mwenye kuandika jenda ku bango, niambie: bidon iko na jenda gani?”

Gérard akatafuta jibu mu kalamu zake tatu. Ni muzee aliyekata neno, kutoka nyuma ya rido: “Ashuke, huyo kijana. Hadassa iko na mbio ya masomo. Ananioshaka kama sahani.”

Jéthro akashuka, utando wa buibui ku nywele, uso umeinama kwa haya. Wiki ya kwanza alimumwangia muzee maji ku masikio. Ya pili alimuangusha. Lakini kufika mwezi wa ine alijua kumugeuza bila kumuvunja: mukono mumoja chini ya bega, mwingine chini ya kiuno, na neno la muzaha mbele ya kuvuta. “Koko, tayari? Kamio inageuka.” “Kamio haina frein,” muzee, lori lenyewe lisilo na breki, anajibu, na wote wawili wanacheka. Kisha alimukausha, alimupaka poudre ya watoto mugongoni ili vidonda visitoke. Hakuna aliyemufundisha. Hakukuwa bango. Na Hadassa alienda masomo na vitabu tu mikononi.

Ningeachia hapa, tungelala vizuri. Lakini association ya Gérard ilipata semineri.

Aliingia kwa Katungu ijumaa, examen d'État, ule wa Serikali, ikibakiza siku tatu. Alikuwa na karatasi yenye kashe tatu.

“Minakuja kukamata Jéthro. Beni tuko na formation, siku tano. Wafadhili wanaomba kijana mwanaume mwenye kukubali kazi ya kutunza wazee. Kijana wa kweli. Na kwetu kule hakuna hata mumoja.”

Katungu akasema: “Unataka kuondoa mwenye kuosha muzee, aende kufundishwa kuosha muzee.”

“Mu usawa wa jenda,” Gérard akaongeza, kama mutu anayeongeza chumvi.

“Hadassa anaanza examen siku ya kwanza ya juma. Ni siku ine. Ngoja siku ine tu, yaya, minakuomba.”

“Tarehe ni ya wafadhili, dada. Hapana yangu. Hadassa atafanya examen mwaka kesho. Mwaka ni kitu gani? Kidogo tu.”

Jéthro hakutaka. Alishika mulango wa chumba cha muzee na mikono miwili, na baba yake akamuvuta kama mutu anayeng'oa muhogo. “Koko ataoshwa na nani?” akauliza. Swali zuri kuliko yote ya semineri, na halikuandikwa popote.

Siku ya kwanza, asubuhi, Hadassa alifunga vitabu, akafungua, akafunga. “Mama, nibakie.”

“Enda.”

“Na koko?”

“Koko iko na watoto. Enda, nasema! Ukirudi nyuma nitakupiga na mukaba.”

Hadassa akaenda. Katungu akachota maji, akayapasha moto. Akasimama mbele ya rido. Kisha akachukua mukaba wake, akauvaa ku paji la uso mu mufereji wake, kama siku zote. Na polepole akaushusha mpaka juu ya macho, akakaza nyuma ya kichwa. Akaingia kipofu, na ndoo.

Muzee alisikia hatua. “Ni nani?”

“Ni Hadassa, koko,” Katungu akasema, na sauti ndogo.

Kitambaa kikapita ku shingo, ku kifua. Muzee akaisikiliza mikono ile. Mikono ya Hadassa ni mikono ya kalamu. Mikono hii ilikuwa na sugu ya miaka makumi tatu.

“Katungu,” akasema mwishoni, polepole, “endelea. Na mimi nimefunga macho.”

Hivyo ndivyo walivyofanya, wote wawili bila kuona, kama watoto wanaocheza kujificha. Maji mengi yalimwangika. Na pale dirishani alikuwa amesimama mama Kasonia, jirani, mukubwa wa wamama wa kanisa, aliyekuja kuomba chumvi. Macho ya mama Kasonia hayakufungwa. Hayajafungwa tangu ubatizo.

Siku ya pili Katungu alimuosha tena. Alipiga hesabu yake vizuri: mwenye kuchafuka amekwisha kuchafuka, mbuzi ni mumoja hata kwa siku mbili. Saa ya muchana famii ilikuwa imekwisha kukaa. Gérard alifika toka Beni juu ya kamio ya makayabo, samaki wa chumvi, ananuka kama kamio; aliachilia washiriki wake, Jéthro kati yao, mu chapitre ya pili. Kwa semineri hakuweza kubadilisha tarehe hata moja. Kwa haya ya dada yake alipata nafasi siku ile ile.

“Umeona uchi wa papa,” akasema.

“Sikuona kitu. Nilifunga macho.”

Mathe akawaza. Ilikuwa vigumu kumutazama. “Macho yalifungwa,” akasema, “lakini mikono iliona.”

Wanaume wote wakatikisa kichwa: hekima kama hiyo haitoki kila siku.

“Ni mbuzi,” Gérard akasema. “Na tangu leo usimuguse papa tena, maana ukimugusa ukiisha kusafishwa, ni laana. Sasa mambo ya Hadassa. Kesho abaki nyum—”

“Mbuzi kwanza,” Katungu akasema.

“Dada, ngoja nimalize.”

“Haumalize. Mila ni mila. Mbele mbuzi aliwe, famii haikate neno lingine. Si vile? Muzee, si vile?”

“Ni vile,” sauti ya muzee ikatoka nyuma ya rido, haraka kupita kawaida ya muzee.

Na Katungu akaenda nyuma ya choo, akafungua kamba ya Université, akaikokota mpaka mbele ya kaka zake. Ile mbuzi ilikataa, ilipiga miguu. Hakuna aliyeomba mbuzi ile. Wangekubali kungoja, wangekubali ahadi. Lakini Katungu alitaka ichinjwe kesho asubuhi, pale pale, na wote waje.

Asubuhi ya siku ya tatu, wajomba wakinoa kisu, Hadassa alipita kati yao na kalamu zake. Aliona kamba, aliona mbuzi amelala. Akasimama. Mama yake akamusukuma mugongoni na viganja viwili mpaka njiani.

Saa sita Université ililiwa. Ililiwa na pilipili na ugali, ku kiwanja, chini ya bâche ya kuzuia jua. Nilikuwako, mimi ni wa ukoo, sikatae nyama. Ilikuwa tamu. Ndiyo dhambi yake.

Kisha muzee akaita.

“Mutu aniletee maji. Nimejichafua.”

Midomo ikasimama. Harufu ikafika mbele ya pilipili. Mathe akamutazama Katungu. Gérard akamutazama Katungu. Katungu alikuwa amekaa ku kiti, mikono imekunjwa, mukaba umewekwa juu ya magoti.

“Dada,” Gérard akasema, “papa anaita.”

“Minasikia.”

“Basi?”

“Basi nini? Munafuta midomo yenu sasa hivi. Minakwisha kusafishwa. Munataka nichafuke tena, mulete laana? Na mbuzi gani? Nyuma ya choo kumebaki kamba tu.”

“Hadassa iko wapi?”

“Anaandika.”

“Ulipanga hii,” Mathe akasema polepole.

“Mimi? Mimi nilisoma primaire ya tano.”

Muzee akaita tena, na mara hii sauti ilivunjika mu katikati, ya mutu mwenye haya kuliko maumivu. Hakuna aliyecheka. Gérard akasimama. Sijui kama ni huruma, ama macho ya ukoo wote juu ya kalamu zake tatu. Akashika ndoo kama mutu anayeshika mukia wa nyoka, akaingia. Sisi wote tukasikiliza.

“Ni nani?” muzee akauliza.

“Ni mimi, papa. Gérard.”

Na upole wa kweli, hapana kejeli, muzee akamueleza mutu yule asiyemujua:

“Hapana, mwanangu. Gérard iko Beni. Anafundishaka watu namna ya kuosha wazee.”

Gérard alitoka kisha saa nzima, suruali imelowa mpaka magoti. Siku ya ine ilikuwa zamu ya Mathe. Alitapika mara mbili, lakini aliosha. Hadassa akamaliza examen yake.

Jéthro ndiye aliyechelewa kurudi. Semineri ilimupa kofia na brevet. Ku barrière moja basoda waliuliza karatasi inasema nini. Akajibu kwa kweli, inasema anajua kuosha wazee. Walicheka mpaka walikaa chini. Kisha wakamufunga sanduku mugongoni, na kwa sababu bega moja liliumia, wakapitisha kamba ku paji la uso. Alitembea nao siku kumi na moja. Alipoingia kwa Katungu, ngozi ya paji la uso ilikuwa imefunguka, mufereji mupya kabisa. Katungu alimupaka mafuta ya mawese pale. Ule ndio usawa wa jenda niliouona kwa macho yangu mwaka ule.

Matokeo ya examen yalikawia miezi mingi. Front ya vita ilikuwa kati yetu na Kinshasa. Hadassa alipita. Wakamumwangia poudre ku kichwa, kama inavyofanywa, na ilikuwa ile ya mugongo wa muzee, hakukuwa ingine. Ku université hakuenda. Aliomba kazi ya kufundisha Musienene, primaire ya tano.

Na Gérard alikuja tena kutoka Beni, na appareil ya picha ku shingo. Wafadhili walitaka raporo yenye picha: musichana wa famii iliyotayarishwa vizuri, aliyesoma mpaka mwisho.

“Ngoja nimupige picha Hadassa,” akasema. “Amekuwa wapi kwa mwaka huu? Ku université?”

“Université iko humu ndani,” Katungu akamujibu. “Ngozi yake tulikausha, Papa anailalia, vidonda visizidi. Ingia umugeuze, utaipiga picha.”

Gérard alitazama rido. Alitazama appareil yake. Akasema jua limepita, picha haitatoka vizuri.